Kosa la Kiwanda au Kazi ya Kutu? Sarafu za Mkebe wa Mama



Yameenea majumbani maneno kwamba sarafu kuukuu ni utajiri uliofichika. Simu hupokea picha ya senti yenye kovu au uvimbe, na chini yake maelezo kuwa sarafu hiyo ilikosewa kiwandani na kwamba kuna mtu ng'ambo anayeitafuta kwa mamilioni. Akina mama hufungua makasha, watoto huvunja vibubu, na wengine hutakiwa watume kwanza "ada ya usajili" kwa simu ili sarafu yao ipokewe. Ada ikishafika, mnunuzi hutoweka. Tunaandika haya kwa sababu jambo hili lilibisha hodi nyumbani kwetu, likaingia katika mirathi ya mama yetu, na likatulazimu kujifunza elimu ambayo hatukuwa nayo: namna ya kuitambua sarafu iliyozaliwa na kosa na kuitenga na sarafu iliyoharibiwa na kutu.

Sisi ni mabinti watatu wa nyumba moja, tuliozaliwa na kulelewa Khayega, katika nchi ya Waisukha, kaunti ya Kakamega. Marehemu baba yetu alitoka Mji wa Kale, Mombasa. Alipanda gari la moshi hadi Kisumu na marobota ya kanga, kisha akafungua duka Khayega, pale inapochepuka njia ya Shinyalu kutoka barabara ya Kisumu na Kakamega. Hakuwa Mswahili wa kwanza kuja pande hizi. Misafara ya watu wa pwani ilikuwa ikifika Mumias tangu karne ya 19, na Uislamu ukabaki huko hata misafara ilipokoma. Jamaa zetu wa pwani wakilisikia jina la Khayega hukumbuka mafahali wanaopiganishwa na umati unaowafuata kwa ngoma za isukuti. Sisi tunaikumbuka zaidi kwa mvua. Msitu wa Kakamega uko jirani, na kwa miezi mingi ya mwaka chumvi hugandamana ndani ya kopo na nguo hushika ukungu kabatini. Unyevu huo una sehemu yake katika habari hii.

Mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, alimfuata baba akiwa bibi harusi na akaishi naye Khayega mpaka baba alipotangulia. Alipofariki naye, na baada ya gharama za maziko na madeni yake kulipwa, tulikaa pamoja kuhesabu alichoacha: kiwanja, cherehani, makanga yasiyovaliwa, bangili mbili za dhahabu, na mkebe wa biskuti uliojaa sarafu. Warithi ni wanne, sisi mabinti watatu na kaka yetu mmoja anayeishi Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani. Mali ikawa ya mafungu matano: mawili ya kaka, na moja moja letu. Kiwanja kina bei yake na dhahabu ina bei yake, lakini hakuna aliyekuwa na wazo la bei ya mkebe.

Ndani ya mkebe mlikuwa na historia nzima ya mfuko wa mama. Zilikuwamo senti kumi za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, alizopewa na nyanya yetu akiwa mtoto Mombasa. Zilikuwamo ndururu na peni za Kenya huru, na shilingi za rangi ya manjano za miaka ya 1990. Zilikuwamo sarafu za Uganda za mwaka 1987, zilizoletwa na wateja waliotoka Busia. Na juu kabisa zilikuwamo senti kumi na mbili za Kimarekani, nyekundu kama shaba, zenye kichwa cha Abraham Lincoln. Kila alipokuja likizo, kaka aliukung'uta mfuko wa suruali yake mezani, na mama akaziokota zile senti, kwa kuwa zilimkumbusha mwanawe.

Moja kati ya hizo, ya mwaka 1983, ilikuwa na malengelenge. Uvimbe mmoja wa ukubwa wa punje ya mtama ulikaa shavuni mwa Lincoln, mwingine mdogo zaidi ulikuwa shingoni, na karibu na ukingo ngozi ya shaba ilikuwa imepasuka na kuonyesha kijivu. Binamu yetu aliipiga picha na kuwaonyesha watu. Haikupita wiki, akaja kijana mmoja anayefanya biashara mjini Kakamega. Alikuwa ameona katika simu yake video iliyosema kuwa uvimbe wa namna ile ni kosa la mtambo lenye thamani kubwa mno, akatuambia yuko tayari kutupa shilingi 20,000 taslimu.

Kwa nyumba yetu shilingi 20,000 si fedha ya kupuuzwa. Mmoja wetu ni mjane, na mwanawe alikuwa amepata nafasi ya chuo lakini hajalipiwa malazi. Mkebe ambao jana ulikuwa kumbukumbu tu, leo ulikuwa na bei, na penye bei maneno huanza. Kuna aliyeona tuuze mara moja tugawane. Kuna aliyeona kwamba ikiwa mtu wa Kakamega anatoa 20,000, basi wa ng'ambo atatoa zaidi, na kuuza upesi ni kuwadhulumu warithi wenzake. Kaka naye alisema kwa simu, huku akicheka, "Dada zangu, hiyo ni chenji ya dukani." Tulimwendea ustadh wetu. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema mali ya marehemu haigawanywi kwa uvumi. Sharti kitu kijulikane ni nini kabla ya kuambiwa ni cha nani, na ni lazima kijulikane hivyo hivyo kabla ya kuuzwa kwa mtu mwingine. Tukampa kijana ahadi ya wiki mbili, tukaanza kujifunza.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba ile senti si ya shaba. Hadi mwaka 1982 senti ya Marekani ilikuwa shaba asilimia 95, na ilikuwa na uzito wa gramu 3.11. Shaba ilipopanda bei, kiwanda kilianza katika mwaka huo huo kupiga senti za zinki zilizovishwa ngozi nyembamba ya shaba: asilimia 97.5 ni zinki, na shaba ni asilimia 2.5 tu. Uzito wake ni gramu 2.5. Ngozi yenyewe haifiki unene wa sehemu moja ya mia ya milimita. Tunachokiona na kukiita shaba ni kanga iliyovaliwa juu ya mwili mwingine.

Kutengenezwa kwake ni hivi. Bamba la zinki hukatwa vipande vya duara. Vipande hivyo hutiwa katika maji yenye chumvi za shaba na kupitishiwa umeme, mpaka shaba ikavigandia pande zote. Kisha kila kipande huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja wa uso na mmoja wa mgongo, na kupigwa kwa nguvu kubwa, metali ikatiririka na kuingia katika kila shimo la muhuri. Hapo ndipo herufi na picha huzaliwa. Ikiwa kipande kilikuwa na uchafu, au hewa kidogo ilinaswa chini ya shaba, ngozi haishiki vizuri mahali hapo. Katika miaka ya mwanzo ya utengenezaji huu matatizo ya namna hiyo yalikuwa mengi, na sarafu yetu ni ya mwaka 1983.

Kila mwenye nyumba ya mabati anajua nusu ya elimu hii bila kuambiwa. Bati ni chuma kilichovishwa zinki. Zinki ni metali inayokubali kuliwa upesi. Mvua ikija, huliwa yenyewe kwanza na chuma kikasalimika. Katika senti ya Marekani mpango umepinduliwa: zinki iko ndani, na nje iko shaba isiyoliwa kwa urahisi. Maadamu ngozi ni nzima, sarafu ni salama. Ikipata mkwaruzo mmoja tu, na unyevu wenye chumvi au jasho la mkono ukaingia, zinki na shaba huwa kama betri ndogo, na anayetumika katika betri hiyo ni zinki. Aliyewahi kusahau betri ndani ya redio mpaka zikavuja ameuona unga mweupe unaobaki. Unga huo hutaka nafasi kubwa kuliko metali uliyotoka. Hivyo huinua ngozi ya shaba kutoka chini, na juu tunaona lengelenge.

Kwa kuwa mkebe wetu ulikuwa na sarafu za kila namna, tuliweza kuona jinsi kila metali inavyougua ugonjwa wake. Tulichukua sumaku kutoka spika ya redio mbovu, tukaipitisha juu ya meza. Shilingi za manjano za Kenya za miaka ya 1990 zilirukia sumaku, kwa kuwa ni chuma kilichovishwa shaba ya njano. Sarafu nyekundu za Uganda za 1987, za shilingi moja na mbili, nazo zilirukia, kwani ni chuma kilichovishwa shaba. Zile zilizougua katika kundi hili zilikuwa na kutu ya hudhurungi iliyochomoza ukingoni kama vipele. Senti zenye tundu hazikutikisika. Hizo ni shaba iliyochanganywa na metali nyingine mpaka ndani, na ugonjwa wake ni ukoga wa kijani uliolala juu bila kuvimba. Senti za Marekani nazo hazikushikwa na sumaku, lakini ugonjwa wake ulikuwa wa kijivu na mweupe, wenye uvimbe na vishimo. Aliye na sumaku na macho anaweza kuzitenga namna hizi tatu kabla ya kumsikiliza mtu yeyote anayetaja bei.

Ama kosa la kiwanda ni jambo jingine kabisa, na lina alama zake. Kosa hutokea wakati wa kupigwa, au kabla yake. Kwa hiyo metali yenyewe hutoa ushahidi. Sarafu iliyopigwa upande, nje ya katikati, huwa na sehemu laini isiyo na picha na sehemu ya picha iliyokatika. Muhuri ukipata ufa, metali huingia ndani ya ufa, na juu ya sarafu hutokea mstari ulioinuka, mgumu, wenye mng'ao ule ule wa sarafu nzima. Muhuri uliochongwa kwa picha mbili zisizokaa sawasawa huzaa herufi zenye kivuli. Mfano unaojulikana ni senti ya Marekani ya mwaka 1995, ambayo neno LIBERTY huonekana limeandikwa mara mbili. Nayo kwa kawaida hupata makumi ya dola, wala si mamilioni. Tena kwa kuwa muhuri mmoja hupiga sarafu nyingi mno, kosa la muhuri hurudi mahali pale pale katika sarafu zote zilizotoka chini yake. Lengelenge halina mahali maalumu. Leo liko shavuni, na katika sarafu ya pili liko juu ya tarehe.

Katika mkebe huo huo tulimpata shahidi mmoja wa kosa la kweli. Ni peni ya Kenya ya miaka ya 1970 ambayo sehemu ya ukingo wake imekatika kwa upinde mzuri, kana kwamba mtu ameing'ata biskuti. Tulidhani mtoto aliikata. Lakini upande wa pili, mkabala na ule upinde, ukingo ulikuwa dhaifu na umefifia, na herufi zilizokaribia upinde zilikuwa zimevutika kuuelekea. Mkasi hauwezi kufanya hivyo. Kipande kile kilikatwa vibaya kabla ya kupigwa, kwa bamba kutosogezwa vya kutosha mtamboni, na muhuri ulipokishukia, metali haikuwa na kitu cha kuibana upande uliopungua. Ndiyo maana upande wa pili haukujaa. Jeraha lililopatikana baada ya kupigwa hukata herufi bila kuzivuta, na haligusi kitu upande wa pili.

Kwa senti ya malengelenge tulifanya majaribio manne. Kwanza sumaku, nayo haikushika. Pili, mizani. Hapa Kakamega tuna bahati ya pekee: dhahabu imekuwa ikichimbwa pande hizi tangu miaka ya 1930, tangu zama za mgodi wa Rosterman, na hata leo wako wanunuzi wenye mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Mmoja wao alitupimia bila malipo. Mizani ilisoma gramu 2.47. Kama ingekaribia 3.1, hiyo ingekuwa habari kubwa, maana senti ya shaba ya mwaka 1983 ni adimu sana. Lakini ilikuwa zinki ya kawaida, pungufu kidogo kwa ajili ya kuliwa. Tatu, kioo cha kukuzia kilichotumiwa na baba kusoma. Kwenye mpasuko karibu na ukingo tuliona unga mweupe na vishimo visivyo na mpangilio, na mng'ao wa sarafu ulikufa pale pale unga ulipoanzia. Nne, kijiti cha meno. Tulibonyeza uvimbe wa shavuni taratibu, nao ukadidimia. Metali iliyoinuliwa na muhuri ni ngumu kama sarafu yenyewe, wala haibonyei.

Tuliendelea kuzitazama senti nyingine kumi na moja. Mbili zilikuwa na uvimbe wa namna hiyo, kila moja mahali pake. Jambo likawa wazi.

Hata hivyo haki inataka tuseme jambo zima. Huenda mwanzo wa lengelenge lile ulikuwa kiwandani, kwa hewa iliyonaswa chini ya ngozi siku ile shaba ilipogandishwa. Mtu anaweza kusimama na kusema kwamba basi hilo nalo ni kosa la kiwanda, na asiwe amesema uongo mtupu. Ni kweli kwamba udhaifu ulizaliwa nao, lakini uvimbe ulikuzwa na hewa ya Khayega na miaka ndani ya mkebe. Wakusanyaji wa sarafu wanalijua jambo hili, na kwa kuwa senti zenye malengelenge ni nyingi mno, hawazitolei thamani ya kutajika. Hapo ndipo tulipouona mtego wenyewe. Muuzaji anayetaka kudanganya hana haja ya kusema uongo. Inatosha aiseme nusu ya kweli inayompa faida, na aikalie kimya nusu ya pili.

Wiki mbili zilipotimia kijana alirudi. Alikuja na fedha mkononi. Tulimkaribisha chai, na katika mazungumzo tukaelewa kwamba sehemu ya fedha zile aliikopa katika chama chao. Dada yetu mkubwa aliiweka senti mbele yake pamoja na kioo na kijiti, akamwonyesha moja baada ya moja yale tuliyoyaona. Kijana alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Mama, mbona mnaniambia? Si mngechukua tu? Mimi ndiye niliyekuja kutaka."

Swali lake si la kijinga. Wako watu wengi watakaosema kwamba mnunuzi ni mtu mzima, ameiona bidhaa kwa macho yake, na ametaja bei kwa ulimi wake. Lakini sisi tulikuwa tumekwisha kujua, na kujua kulibadilisha hukumu. Katika mafundisho ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, inajulikana habari ya mfanyabiashara wa nafaka sokoni, ambaye Mtume alitia mkono ndani ya rundo lake akakuta vidole vimelowa, naye akamuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa na mvua watu waione. Mvua haikuwa kosa la mfanyabiashara yule. Kosa lilikuwa kuificha chini. Nasi unyevu ulioila senti hatukuuleta sisi. Lakini baada ya kuuona, kuuficha chini ya jina zuri la "kosa la mtambo" kungekuwa ghishi, na fedha ya ghishi tungemlipia nayo yatima malazi ya chuo.

Dada yetu mkubwa alimjibu kwa ufupi, "Mwanangu, fedha hiyo ina wenyewe." Kijana akaondoka na fedha zake. Hatuwezi kusema kwamba tulilala kwa furaha usiku ule. Mjane wetu alilia, na hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa shilingi 20,000 zilikuwa zimekaa juu ya mkeka wetu na tumezirudisha kwa mikono yetu. Tunaandika hili makusudi, maana katika mawaidha mara nyingi husemwa kwamba ukweli huleta faraja papo hapo. Wakati mwingine ukweli huleta deni la ada, na faraja huchukua muda kufika.

Mirathi iligawanywa. Mkebe ulitiwa thamani ndogo, sawa na kile ambacho mtu mwaminifu angetoa kwa sarafu za ukumbusho, pamoja na ile peni iliyokatika ukingo. Kaka, baada ya kupokea haki yake, alimpa mjane wetu fungu lake katika zile bangili kama zawadi, na malazi yakalipwa. Alitueleza pia kwa nini huenda uvumi wa senti umezidi nguvu: Novemba 2025 kiwanda cha Philadelphia kilipiga senti za mwisho za matumizi ya kawaida, na kila kitu kinachokoma kutengenezwa hupata wapiga debe wake. Lakini senti zilizokwisha kupigwa hazina idadi, na kukoma kwake hakuzigeuzi kuwa dhahabu.

Kwa akina mama wenzetu, hasa mlioko pwani ambako hewa ya bahari hula metali upesi kuliko mvua yetu, tuna maneno machache ya kuwaachia.

Msisafishe sarafu kwa ndimu wala kwa ukwaju. Tunajua ndivyo tunavyong'arisha sufuria na birika za shaba, na sufuria hustahimili kwa kuwa ni shaba hadi ndani. Senti ya zinki ikiwa na mkwaruzo, ukali wa ndimu huingia chini ya ngozi na kuila zinki kimyakimya. Pia wako wanaozichovya senti katika asidi ili ngozi yote itoke, kisha wakaziuza kwa madai kuwa ziliruka hatua ya kuvishwa shaba. Ipimeni sarafu ya namna hiyo na mzitazame herufi zake. Iliyochovywa huwa nyepesi, herufi zimelainika kama sabuni iliyotumika, wala haina mng'ao wa kuzaliwa.

Herufi ndogo msizidhanie kosa. Katika sarafu za zamani za Afrika Mashariki, herufi H ni alama ya kiwanda cha Heaton, na KN ni ya Kings Norton, vyote vya Birmingham, Uingereza. Hizo ziliwekwa makusudi.

Msimtumie mtu ada ili anunue kitu chenu. Mnunuzi wa kweli ndiye anayetoa fedha. Jirani yetu mmoja alikwisha kutuma mara mbili kabla ya kutuuliza, na nambari aliyoitumia haikupokelewa tena.

Na senti za Kimarekani msiwaachie watoto wadogo. Mtoto akiimeza, asidi ya tumbo hufanya kazi ile ile ya ndimu. Zinki huanza kuyeyuka, na ukuta wa tumbo unaweza kupata vidonda. Mkishuku kwamba mtoto amemeza, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, wala msingoje itoke yenyewe.

Senti ya mwaka 1983 bado tunayo. Tumeiweka peke yake katika karatasi kavu, ili unga wake usiziambukize unyevu nyingine, na juu ya karatasi tumeandika kwa wino yale tunayoyajua: mwaka wake, uzito wake, na maneno "imeliwa na kutu". Tumeandika hivyo kwa ajili ya wajukuu wa mama, ili siku mkebe utakapofunguliwa tena, na sisi hatupo, asitokee mtu wa kuwauzia wao wala wao wasimuuzie mtu.

Mwenyezi Mungu amsamehe mama yetu na wazazi wa Waislamu wote, na aturuzuku mali ya halali, ndogo au nyingi. Amin.